Dola mia mbili kwenda kutazama shimo?



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa ya likelemba, mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni kweli yaya wako wa Marekani ametumia dola mia mbili kwenda kutazama shimo?" Nilicheka, lakini nilijua maneno yametoka wapi. Yametoka kwa shangazi yetu, na shangazi aliyapata kinywani mwangu mimi mwenyewe, siku moja nilipokuwa na kinyongo. Basi leo ukurasa huu nautumia kueleza habari yote. Yaya ana haki ya kusafishiwa jina. Na ninyi pia mtapata faida, maana wengi wenu mna watoto, wadogo au mawifi huko Arizona na majimbo ya jirani, na siku moja nao watataka kwenda kule. Mkimaliza kusoma, pigeni picha ukurasa huu mwatumie.

Kinyongo changu kilikuwa cha minervali. Yaya hunisaidia kila muhula kwa ajili ya watoto wangu wawili. Mwezi wa pili pesa ilikuja pungufu. Nilipomuuliza akasema, "Mdogo wangu, nisamehe, kuna kitu naweka akiba." Kitu gani? Safari. Anataka kupeleka watoto Grand Canyon. Mimi nafundisha jiografia, na jina hilo nimeliandika ubaoni mara nyingi. Lakini siku ile sikuwa mwalimu. Nilikuwa mama mwenye barua ya direkta mkononi, barua inayosema watoto watafukuzwa juma lijalo. Nikampigia shangazi simu, nikamwaga yote. Shangazi akasema: "Shimo? Sisi hapa Ngomo tunapita juu ya shimo bure, tena tunafumba macho!"

Siku chache baadaye yaya alinipigia tena, na hakupiga kuomba msamaha. Alipiga kuomba kazi. "Wewe ni mwalimu wa jiografia," akasema, "nipangie hii safari, mimi sijui kuanzia wapi." Halafu akanieleza sababu.

Mtoto wake wa tatu yuko mwaka wa nne wa masomo ya msingi. Mwalimu wao aliambia kila mtoto asimame aeleze mahali alipowahi kusafiri na familia yake. Mmoja akasema bahari, mwingine akasema kwa nyanya yake Mexico. Kijana wetu akasema Nyarugusu. Wenzake wakamuuliza kama kuna bwawa la kuogelea. Aliporudi nyumbani akamuuliza mama yake: "Mama, sisi tumeshasafiri wapi?" Yaya akaanza kuhesabu kwa vidole. Kutoka nyumbani usiku, mtoto wa kwanza mgongoni, mpaka ziwa. Kutoka ng'ambo ya ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ambako alikaa miaka kumi na mitatu na ambako watoto wawili walizaliwa. Kutoka kambini kwa basi, halafu ndege, mpaka Phoenix, ambako kitinda mimba alizaliwa. Safari tatu. "Na zote," akaniambia, "hakuna hata moja niliyofunga mzigo nikijua siku ya kurudi."

Nikanyamaza kidogo kwenye simu. Kisha nikachukua kalamu.

Kwanza niwaeleze shimo lenyewe ni kitu gani, maana shangazi hakukosea sana. Ni korongo, kile ambacho kwa Kifaransa tunakiita "gorge". Sisi wa Bukavu tuna korongo letu, lile la Ruzizi, pale mto unapotoka ziwani na kuteremka kwa kelele kuelekea Kamanyola. Na mmomonyoko pia tunaujua. Mnaona ile mifereji ambayo mvua inachimba nyuma ya nyumba za Kadutu? Mwaka wa kwanza mtoto anaruka juu yake. Mwaka wa tano imekula choo cha jirani. Grand Canyon ni kazi ileile ya maji kubeba udongo na mawe, lakini fundi wake ni mto mzima, unaitwa Colorado, na amefanya kazi hiyo kwa miaka milioni 5 mpaka 6. Wakati mto unakata, ardhi ya pande zile ilikuwa imeinuliwa juu sana, ndiyo sababu shimo limekuwa refu namna ile.

Vipimo vyake ni hivi. Ndani ya korongo mto unapita kilometa 446. Upana, mahali palipo papana zaidi, ni kilometa 29. Kina ni karibu mita 1600, na penginepo zaidi. Wanafunzi wangu nawapa mfano huu: kutoka Ziwa Kivu mpaka Ziwa Tanganyika, Ruzizi inateremka karibu mita 700. Chukua mteremko wote huo, kutoka hapa mpaka Uvira, uuzidishe mara mbili na kitu, halafu uusimamishe wima kama ukuta mbele ya macho yako. Mawe ya chini kabisa yana umri wa karibu miaka miliari 1,8. Ya juu kabisa, pale wageni wanaposimama, ni mawe ya chokaa yenye alama za konokono na viumbe wengine wa baharini, kwa sababu zamani mahali pale palikuwa chini ya bahari. Serikali yao iliifanya hifadhi ya taifa mwaka 1919, na mwaka 1979 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka uleule wa Virunga yetu.

Sasa mipango. Hapa ndipo yaya na mimi tulitoa jasho.

Kosa la kwanza tulilikamata mapema. Binti yake wa miaka 14 alitafuta kwenye simu akapata picha nzuri: daraja la kioo limetokeza nje ya ukuta wa korongo, watu wamesimama juu ya hewa. Akasema tunakwenda hapa. Simu ikaonyesha njia. Nilipoangalia ramani nikaona ile njia inakwenda magharibi mbali, si mahali yaya alipokuwa anafikiri. Lile daraja lilifunguliwa mwaka 2007, na liko katika ardhi ya kabila la Wahualapai. Ni mali yao, si sehemu ya hifadhi ya taifa, na tikiti yake ni ya pekee kwa kila mtu. Sisemi ni pabaya, na nafurahi kuwa wenyeji wanapata kitu. Lakini mama mwenye watoto wanne na akiba ndogo akifika pale akidhani amefika hifadhini, atalia. Wengi wanachanganya. Mwambieni ndugu yenu aandike kwenye simu "South Rim", maana yake ukingo wa kusini.

Na asiandike ukingo wa kaskazini pia. Kutoka ukingo mmoja kuutazama mwingine ni kama kilometa 16 kwa ndege, lakini kwa gari ni karibu kilometa 340, maana lazima kuzunguka. Upande wa kaskazini hufungwa miezi ya baridi, na mwezi wa saba 2025 moto uliteketeza hoteli kubwa ya huko. Upande wa kusini uko wazi mwaka mzima, usiku na mchana. Kutoka Phoenix ni karibu kilometa 370 za lami, masaa matatu na nusu mpaka manne. Nilipomwambia mume wangu masaa hayo kwa kilometa hizo, aliomba nirudie. Msomaji aliyesafiri barabara zetu wakati wa mvua atamwelewa.

Kosa la pili lilikuwa kosa la begi la shule, na hapa nataka wamama wote wanisikilize, hata wale wasio na ndugu ng'ambo. Kuingia hifadhini gari la familia hulipa dola 35, na tikiti inafanya kazi siku saba. Kwa yaya dola 35 ni pesa. Nikamwambia, kwa mazoea yangu ya mwalimu tu: "Nitumie picha ya karatasi zote zilizo ndani ya begi la mtoto." Akasema, "Za nini? Ni Kiingereza, sizisomi, mtoto ananiambia kama kuna la maana." Nikamwambia nitumie. Zikaja picha kumi na nne, zingine zina mafuta ya mandazi. Mwenzangu anayefundisha Kiingereza alizisoma moja moja wakati wa mapumziko. Ya tisa ilisema hivi: kila mtoto anayekaa Marekani aliye mwaka wa nne wa shule ana haki ya kuingia bure katika hifadhi zote za taifa, yeye na waliomo garini pamoja naye, kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Mtoto anajaza maswali kwenye intaneti, anapata karatasi yenye jina la mpango huo, Every Kid Outdoors, inachapishwa, basi.

Ile karatasi ilikuwa ndani ya begi tangu masomo yalipofunguliwa. Yaya alikuwa anaweka akiba dola tano tano, na ruhusa ya bure inapigwa na vitabu kila asubuhi! Hapa kwetu pia naona hivyo. Natuma karatasi ya chanjo, ya mkutano wa wazazi, ya mtihani wa taifa, mwisho wa juma naikuta ndani ya daftari imekunjwa vilevile. Mama asiyejua kusoma anaweza kumwita jirani. Mtoto hawezi kuwa katibu wa mama yake, kwa sababu mtoto anasoma lile linalompendeza tu.

Niongeze neno kwa anayewaza kumkaribisha mzazi kutoka Kongo. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2026, mgeni asiyekaa Marekani, mwenye miaka 16 au zaidi, anaongezewa dola 100 kuingia katika hifadhi kadhaa kubwa, na Grand Canyon ni mojawapo. Afadhali mtu ajue mapema kuliko kuaibika mlangoni.

Tukaja kwenye nguo. Phoenix ni jangwa la joto, mita kama 340 tu juu ya bahari. Ukingo wa kusini uko mita 2100. Ni kama kutoka Uvira kwenda kulala juu ya milima ya Kahuzi. Yaya alikuwa amewaandalia watoto viatu vya wazi na fulana, kwa sababu mwezi wa tatu Phoenix jua linawaka. Nikamwambia makoti. Hakuniamini mpaka jirani mmoja Mmarekani alipomwonyesha picha ya theluji. Wakaazima makoti matatu kanisani, la nne wakalinunua kwenye mitumba kwa dola sita.

Chakula, hilo yaya hakuhitaji mwalimu. Mandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga za chumvi, ndakala za kukaanga kutoka duka la Waafrika, na wali kwenye chombo kisichopoza. Lakini tuligombana kidogo juu ya zile karanga, alitaka kuziondoa, nami nikakataa. Watu wanaotembea katika lile korongo wanaambiwa wasinywe maji matupu tu, wale na kitu cha chumvi. Mnajua sababu, ninyi mnaotengeneza maji ya chumvi na sukari mtoto anapoharisha. Jasho linatoka na chumvi. Mtu akijaza tumbo maji bila kurudisha chumvi, kichwa kinamwuma, anatapika, anaweza kuanguka. Mabomba ya kujaza maji bure yako pale juu, na mabasi ya bure pia yanapita ukingoni kutoka kituo hiki mpaka kile. Ukishapata mahali pa kuegesha gari, basi, liache. Lakini mahali penyewe panajaa mapema, kabla ya saa nne asubuhi uwe umefika.

Jambo lililoninyima usingizi ni ukingo. Nilikuwa nadhani kuna ukuta. Hapana. Kwenye viwanja vichache vya kutazamia kuna vyuma vya kuzuia. Sehemu kubwa iliyobaki ni njia, jiwe, kisha hewa. Kila mwaka watu wanakufa kule, wengine kwa joto chini, wengine kwa kuanguka, na wapo walioanguka wakitafuta picha nzuri. Nikamwuliza yaya: huyu wa miaka mitatu utamfanya nini? Akanijibu kama vile nimeuliza jambo la kijinga: "Si nitambeba na kitenge?" Kweli. Walikuja wazazi wenye mikanda na kamba za kufungia watoto kama mbuzi, na yaya wangu akatembea ukingoni mikono yake miwili ikiwa huru, mtoto amelala mgongoni. Anasema wamama watatu wazungu walimsimamisha kumuuliza kile kitambaa kinanunuliwa wapi.

Walitoka Phoenix siku ya tano asubuhi. Njiani, walipofika Flagstaff, wakakuta theluji chafu imebaki kando ya barabara, na gari likasimama, maana hakuna aliyekubali kuendelea bila kuigusa. Walifika ukingoni mchana. Mtoto wa mwaka wa nne ndiye aliyetoa karatasi dirishani, yeye mwenyewe, na mlinzi wa hifadhi akamwita "bwana". Hilo amelisimulia mara nyingi kuliko korongo.

Kijana mkubwa, wa miaka 17, alitaka kushuka mpaka mtoni na kurudi jioni. Wamama wa vijana, mtamfahamu huyu. Hifadhi yenyewe inawaonya watu wasifanye hivyo kwa siku moja, na kila mwaka walinzi wanakwenda kuokoa mamia waliochoka huko chini. Sababu ni rahisi. Mlimani mtu anapanda akiwa na nguvu, na akichoka anarudi kwa kushuka. Korongoni ni kinyume: unashuka ukiimba, unachoka mahali pa chini, halafu ndipo mlima unapoanza. Tena chini kunakuwa na joto zaidi kuliko juu. Siku za kiangazi chao linapita digrii 40. Nilikuwa nimemwandikia yaya kanuni moja: saa mkononi, dakika ishirini za kushuka, usiongeze hata moja. Alishuka kwa njia inayoitwa Bright Angel, dakika ishirini. Kupanda kulimchukua dakika arobaini na tano, na kando ya njia kulikuwa na barafu. Alipofika juu aliketi, akaomba karanga.

Binti naye alipenda mnara wa mawe ulio upande wa mashariki, kilometa kama 40 kutoka kijiji cha wageni. Nilikuwa nimemwambia autafute, kwa sababu uliochorwa na mwanamke, Mary Colter, na ulimalizika mwaka 1932. Alifuata namna ya kujenga ya wenyeji wa zamani wa pande zile, mpaka mgeni anadhani ni wa kale kweli. Binti alinitumia picha tisa za mnara na moja ya korongo.

Nilimwomba yaya awaambie watoto jambo lingine ambalo halimo kwenye picha. Ndani ya lile korongo wanakaa watu. Wahavasupai wana kijiji chao chini, kinaitwa Supai, barabara ya gari haifiki, na barua zao bado zinabebwa na nyumbu. Hifadhi ilipofanywa walisukumwa pembeni, wakatolewa hata kwenye mashamba yao kando ya njia ileile ya Bright Angel, na sehemu ya ardhi yao ilirudishwa mwaka 1975 tu. Anayejua habari ya Batwa na msitu wa Kahuzi-Biega haitaji maelezo marefu. Yaya alisema alipowaambia, kijana mkubwa aliuliza: "Walirudishiwa? Kumbe inawezekana."

Walilala chumba kimoja katika mji wa Williams, vitanda viwili, watu watano. Saa kumi na moja alfajiri wakaingia tena garini, kilometa 95, kwenda kuona jua likichomoza. Sisi hapa ilikuwa siku ya posho, saa tisa na nusu alasiri, maana wako nyuma yetu masaa tisa. Mimi nilikuwa kwa mama yangu namsaidia kuchambua maharagwe. Simu ikalia, picha. Kwanza tuliona giza na pua ya mtoto. Kisha yaya akageuza simu, na kuta zikaanza kutoka gizani moja moja, nyekundu, za manjano, nyeusi chini kabisa. Hakuna aliyesema neno kule, hata wa miaka mitatu.

Mama aliangalia muda mrefu, maharagwe mkononi. Nilidhani atauliza mto uko wapi au kama watu wanalima mle. Akauliza: "Na watarudi lini?"

Yaya akamsikia. Akasema, "Leo, mama. Leo jioni. Kesho watoto wana kanisa, siku ya kwanza wana masomo."

"Leo," mama akasema. Akanitazama mimi kama vile nimeficha kitu. "Anasema leo." Akarudi kwenye maharagwe yake, lakini niliona anachambua yaliyokwisha kuchambuliwa.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyoleta maneno. Mafuta ya gari, kwenda na kurudi na kuzunguka kule, dola 85. Chumba, dola 75. Chakula na lile koti la mitumba, dola 40 bila senti. Kuingia hifadhini, sifuri, shukrani kwa karatasi ya tisa. Jumla dola 200. Shangazi hakukosea hesabu. Waligawana na nani? Na mtu yeyote. Zilitoka katika dola tano tano za miezi mingi na katika ule upungufu wa minervali yangu, dola 30, ambazo yaya alizileta mwezi wa nne bila mimi kuuliza tena. Direkta alinisubiri. Nilikwenda kumwona mwenyewe nikaomba siku, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu siku ya kwanza kabla ya kumpigia shangazi.

Kama mimi ningekuwa nafanya ile safari, ningebadilisha vitu viwili. Ningebeba kofia za kufunika masikio, watoto walilia juu ya upepo wa alfajiri. Na ningewaambia mapema juu ya kindi. Wako wengi pale ukingoni, wanene, hawaogopi mtu, wanakuja kuomba chakula kwa macho ya huruma, na wanauma vidole. Kuwalisha kumekatazwa. Kitinda mimba wetu alipoteza andazi zima kabla mama yake hajageuka.

Kijana wa mwaka wa nne alisimama tena mbele ya darasa lake. Alileta picha, akaeleza mawe yana miaka mingapi, akakosea sifuri moja, na mwalimu wake hakumsahihisha. Nakala ya picha ile nimeibandika kwenye ukuta wa darasa langu, karibu na ramani ya Ruzizi. Wanafunzi wangu waliuliza maswali mengi, na lililorudi zaidi ni kama mle mtoni kuna samaki. Wapo.

Shangazi ameomba nimtumie picha naye. Amesema ni ya kuwaonyesha watu wanaosema uongo kwamba yaya alikwenda kutazama shimo.

Mama mwenye ndugu Arizona na mtoto aliye mwaka wa nne, ambaye hajaelewa namna ya kupata ile karatasi, aandike swali lake amwachie katibu kabla ya siku ya tatu. Nitajibu hapahapa.